Daftari la Mshihiri na Mashine ya Supamaketi

Aishiye sana huona mengi. Mimi niliyekwisha kuvuka miaka hamsini nimeliona duka likigeuka mara tatu. Kwanza nililiona duka la mtaani, ambalo muuzaji na mnunuzi walijuana kwa majina na kwa ukoo. Kisha nikaliona duka la kujichukulia, mnunuzi akisukuma kigari chake kimya kimya na kumlipa keshia ambaye hamjui wala hajui kama atamwona tena. Na sasa naliona duka la tatu, ambalo nyuma ya keshia yuko mtu asiyeonekana. Mtu huyo huketi ghorofani mbele ya kompyuta, akiifundisha mashine kumjua mnunuzi. Jina la kazi yake ni uhandisi wa akili unde, na mmoja wa wahandisi hao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja.

Bila shaka wasomaji wengi wamekwisha kulisikia neno hilo la akili unde, ambalo wengine husema akili bandia. Latajwa bungeni, latajwa redioni, na latajwa katika baraza za kahawa. Lakini nadhani ni wachache waliojiuliza mhandisi huyo hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni katika kampuni inayouza sukari, sabuni na unga. Mimi pia sikujua, na kwa kutojua kwangu nikamlaumu binti bure.

Kazi yake iko Nairobi, katika kampuni ya maduka ya rejareja ambayo sitaitaja jina. Baada ya Idi iliyopita alikuja Mombasa kumwona mamake, na jioni moja akapita kwangu kunijulia hali. Tulipokwisha kuamkiana na kahawa kuletwa, nikamwambia kwa mzaha wenye miba kidogo: "Nasikia huko mliko kazi yenu ni kuwatoa makeshia kazini, mweke mashine."

Akacheka, akasema: "La, Mjomba. Waliojaribu hayo wameona taabu yake."

Akanieleza habari za kampuni ya Amazon ya Marekani, ambayo mwaka 2018 ilifungua mjini Seattle duka lisilo keshia. Mnunuzi aliingia, akachukua atakacho, akatoka, na kamera zilizo darini zikahesabu alichochukua na kumtoza. Dunia nzima ilistaajabu. Lakini mwezi wa Aprili 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inauondoa mtambo huo katika maduka yake makubwa ya vyakula huko Marekani. Tena ikajulikana kwamba nyuma ya kamera hizo walikuwako watu huko India wakizitazama picha na kuisahihisha mashine, ingawa kampuni yenyewe ilieleza kwamba kazi yao kubwa ilikuwa kuifunza mashine, wala si kumtazama kila mnunuzi. "Kwa hivyo, Mjomba," akasema, "mashine hii ni kama mtoto wa chuo. Usipoketi naye ukamsomesha herufi moja moja, hasomi."

MWEZI ULIOIKIMBIA MASHINE

Nilimwomba basi anieleze kazi yake kwa lugha ninayoielewa. Akasema sehemu kubwa ya siku zake hupita katika kusafisha hesabu. Sukari ile ile huandikwa na tawi moja kwa jina hili, na tawi jingine kwa jina jingine, na la tatu hukosea uzito wake. Mashine haijui kuwa hizo zote ni sukari moja mpaka mtu aiambie. Ikisha kujua, ndipo inapofunzwa kukisia: wiki ijayo tawi la Nyali litauza pakiti ngapi za unga, na tawi la Nakuru lita ngapi za maziwa. Wakipeleka nyingi, maziwa huharibika. Wakipeleka chache, wateja huenda kwa jirani.

Akanipa mfano ulionichekesha. Mashine waliyokuwa nayo ilifunzwa kwa mauzo ya miaka iliyopita, ikafuata kalenda ya Kizungu. Sasa Ramadhani, kama ijulikanavyo, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2023 iliingia mwishoni mwa Machi, mwaka 2024 kabla ya Machi kufika kati, na mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi. Mashine ikaziagiza tende kwa tarehe za mwaka uliotangulia. Matawi ya Mombasa yakaishiwa na tende wiki ya kwanza ya mfungo, na shehena ikawasili watu wanakaribia kufungua. Wenzake ofisini hawakuiona sababu. Yeye aliyelelewa Kibokoni aliiona kwa kutupia jicho mara moja, akaitia mashineni hesabu ya mwezi mwandamo, na mambo yakanyoka.

Kosa la pili alilonieleza halikunichekesha. Alisema mashine hujifunza kwa kilichouzwa tu. Rafu ikiwa tupu, hakuna kiuzwacho, na mashine ikiona hakuna kilichouzwa hudhani hakuna akitakaye, basi huagiza kichache zaidi. Mama aliyekuja na kikapu chake akakosa, akarudi mikono mitupu, huyo hamo katika hesabu. "Kwa mashine, Mjomba, mtu huyo hakuja dukani kabisa."

Neno hilo lilinikaa moyoni, na msomaji ataona mbele kwa nini.

MSHIHIRI NA KARATASI ZAKE

Nilipokuwa mtoto, nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa na duka la Mshihiri mmoja, Mungu amrehemu. Lilikuwa duka la mlango mmoja, gunia la mchele upande huu, pipa la mafuta upande ule, na juu ya meza mizani ya shaba. Chini ya mizani alikuwa na daftari refu aliloandika kwa herufi za Kiarabu, na mimi kwa kuwa nasoma chuoni niliweza kulisoma kichwa chini, naye upande wa pili wa meza.

Mwaka mmoja babangu alikosa kazi bandarini. Hakumwambia mtu. Lakini Mshihiri alijua kabla ya majirani, kwa sababu nilianza kutumwa robo ya sukari badala ya kilo, na mafuta ya kibaba badala ya chupa. Siku ya tatu au ya nne alinitazama, akapima kilo nzima, akaandika, akasema: "Mwambie mamako hesabu iko kwangu." Hakusema zaidi ya hayo, wala hakuyasema mbele ya watu. Miezi minne tulikula katika daftari lile. Babangu alipopata kazi alilipa kidogo kidogo, na salio la mwisho Mshihiri alilikata kwa mstari mmoja wa kalamu, akasema limekwisha.

Sisemi Washihiri wote walikuwa hivyo. Walikuwako wauza maduka walioongeza tarakimu, na waliotia kidole katika mizani. Chuoni tulifunzwa mapema kwamba kupunja kipimo ni dhambi kubwa, na watu hawafunzwi kujihadhari na jambo ambalo halipo. Ninalosema ni kwamba kumjua mnunuzi si jambo lililoletwa na kompyuta. Biashara ya rejareja tangu kale ni ya kumjua mtu.

NAMNA ELIMU ILIVYOHAMA

Lililotokea ni kwamba elimu hiyo imehama kutoka kifuani mwa muuzaji ikaingia mashineni, na safari yake yaweza kufuatwa kwa miaka.

Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani, pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley ilipitishwa mbele ya mwanga na mistari yake myeusi ikasomwa na mashine. Hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa mistari ile ambayo leo imo katika kila kiberiti. Tangu siku hiyo duka liliweza kujua ni kitu gani kilichouzwa, saa ngapi. Halikujua bado ni nani aliyenunua.

Hilo la pili lilikuja na kadi ya pointi. Mwaka 1995 kampuni ya Tesco ya Uingereza ilianza kuwapa wateja wake kadi iitwayo Clubcard. Mteja alipunguziwa bei kidogo, na kampuni ikapata kujua kila alichotia kikapuni. Yasemekana kwamba walipoonyeshwa matokeo ya majaribio, mwenyekiti wa kampuni wa wakati huo, Lord MacLaurin, alikiri kuwa limemtisha jambo moja: wataalamu wale kwa miezi mitatu walikuwa wamewajua wateja wake kuliko alivyowajua yeye kwa miaka thelathini. Nikilisoma hilo namkumbuka Mshihiri. Yeye pia alihitaji miaka, lakini miaka hiyo alikaa nasi.

Hatua ya tatu ni kukisia lile ambalo mteja hakulisema. Mwaka 2012 mwandishi Charles Duhigg wa gazeti la New York Times alieleza jinsi kampuni ya Target ya Marekani ilivyotumia bidhaa kama ishirini na tano, zikiwamo mafuta ya ngozi yasiyo harufu na vidonge vya madini, kumkisia mwanamke mja mzito na hata mwezi wa kujifungua. Kuna kisa cha baba aliyepata kujua habari za binti yake kwa matangazo ya duka, na wataalamu wengine wamekitilia shaka. Basi tukiache. Linalonishughulisha mimi ni jingine lililomo katika habari hiyo hiyo. Kampuni ilipoona wanawake wanashtuka, iliyachanganya matangazo ya vitu vya mtoto mchanga na matangazo ya vitu visivyohusiana, kama mashine ya kukatia majani, ili mwanamke asitambue kuwa ajulikana. Mshihiri alipojua siri yetu aliificha kwa watu. Hawa walimficha mwenye siri.

Na mashine inapokosea, atahayariwaye ni nani? Kampuni ya Rite Aid, iliyokuwa na maduka mengi ya dawa huko Marekani, ilitumia kati ya mwaka 2012 na 2020 kamera za kutambua nyuso za watu waliodhaniwa wezi. Mnamo Desemba 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliipiga marufuku kuzitumia kwa miaka mitano. Tume ilisema mashine iliwashuku maelfu ya watu wasiokuwa na hatia, na makosa yalizidi katika mitaa ya watu weusi na watu wa asili ya Asia. Mmoja wa waliosimamishwa na kupekuliwa alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Ikiwa hayo yametokea kwao walioziunda mashine, sisi tunaozinunua zimekwisha kufundishwa kwa nyuso nyingine tuna kila sababu ya kuuliza mapema.

SUALI ALILOKUJA NALO

Sasa narudi barazani kwangu. Baada ya kahawa ya pili niligundua kwamba mpwa wangu hakuja kunijulia hali tu. Alikuja na jambo.

Wakubwa wake walikuwa wamempa kazi mpya. Walitaka mashine ipitie kadi za pointi na kuwatambua wateja walioanza kubanwa na fedha: aliyekuwa akinunua kilo mbili sasa anunua moja, aliyekuwa akinunua nyama sasa anunua maharagwe. Kisha mtu huyo atumiwe ujumbe kwa simu, kuwa aweza kuchukua bidhaa kwa mkopo, na mkopo wenyewe utatolewa na kampuni nyingine kwa faida.

"Niifanye, Mjomba, au niache kazi?" akauliza. Halikuwa suali jepesi, kwani mshahara wake ndio unaomsomesha mdogo wake.

Mara moja nikasema aache. Nikamsimulia habari za Mshihiri na daftari lake, nikidhani nimemaliza maneno. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Lakini Mjomba, Mshihiri naye aliwatambua kwa robo ya sukari. Naye aliwakopesha. Tena aliwakopesha kwa kuwa alimjua babu. Je, mpangaji aliyetoka Kitui jana, ambaye hana ukoo hapa, angempa kilo nzima?"

Nakiri kwamba nilinyamaza. Kwa hakika asingempa. Nawakumbuka watu walioombwa fedha taslimu katika duka lile lile ambalo sisi tulikuwa tukila kwa daftari. Mapenzi ya Mshihiri yalikuwa na mipaka ya mtaa, na huenda mashine ikamfikia yule ambaye daftari halikumfikia. Basi tofauti haiko katika kujua, wala haiko katika kukopesha. Iko wapi?

Tulikaa mpaka adhana ya Isha tukiitafuta, na nadhani tuliipata. Kwanza, daftari la Mshihiri lilikuwa juu ya meza, na mimi mtoto niliweza kulisoma. Ukurasa wa mashine mteja hauoni, wala hajui kama upo. Pili, Mshihiri hakumpa mtu mwingine daftari lake. Duka la leo laweza kufa na kumbukumbu zake zikabaki. Sote twakumbuka Nakumatt, ambalo wadai wake waliamua Januari 2020 lifungwe moja kwa moja. Duka likifa, ni nani amrithiye mteja? Tatu, nisingelipa, hasara ilikuwa ya Mshihiri, na kwa hivyo alikopesha kwa kipimo cha uwezo wetu, tena aliweza kusamehe. Mwenye kukopesha kwa faida asiyemwona mdaiwa hana haja ya kujizuia, na mashine haikuamrishwa kusamehe. Nne ni ile rafu tupu. Mashine ingemwona babangu alipopunguza sukari. Siku ambayo hakuja kabisa, ingedhani hayupo. Mshihiri alimwona hata alipokosekana, akatuma mtu kuuliza.

SHERIA TUNAYO

Watu wengi hudhani kwamba katika mambo haya Kenya haina sheria. Iko. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zitatumiwa vipi, kuziona, kuzipinga, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Kifungu chake cha 35 chasema mtu asifanyiwe na mashine peke yake uamuzi wenye kumgusa sana, pasipo mkono wa binadamu. Tena iko ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko.

Upungufu wetu uko katika matumizi. Mteja anayepewa kadi ya pointi hutia sahihi karatasi ya herufi ndogo, kwa Kiingereza, huku watu nyuma yake wakimsukuma. Hiyo si ridhaa. Kama kampuni zaweza kuandika matangazo yao kwa Kiswahili fasaha na herufi kubwa ukutani, basi zaweza pia kuandika kwa lugha hiyo hiyo zinachokijua juu yetu.

Nao wahandisi wenyewe wasiseme kwamba wao ni watumishi tu. Mpwa wangu alinifundisha kwamba zile hatua za hesabu zinazoiongoza mashine huitwa algorithi, nami nikamfundisha kwamba neno hilo limetokana na jina la mwanachuoni al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa. Kitabu chake cha aljebra kina mlango mzima wa kugawa mirathi, na mwanzoni alieleza kwamba amekitunga kwa ajili ya mahitaji ya watu katika urithi, mashauri na biashara zao. Kwa mtu yule hesabu ilikuwa chombo cha kumpa kila mtu fungu lake. Wanaolibeba jina lake leo wana la kufikiri.

Nilimshauri mpwa wangu asiache kazi, kwani akiondoka yeye ataingia mwingine asiyeuliza. Alirudi Nairobi akawaandikia wakubwa wake mambo matatu: mteja aulizwe kwanza na aweze kukataa, aweze kuuona ukurasa wake, na habari zake zisitoke nje ya duka kwenda kwa mkopeshaji. La kwanza wamelikubali. La pili wamesema watalitazama. La tatu bado wanabishana, na ameniambia kwa simu kwamba likikataliwa ataomba arejeshwe katika kazi ya kukisia tende na unga, japo cheo kipungue.

Sijui litakwishaje. Lakini wewe msomaji, utakapotoa kadi yako mbele ya keshia wiki hii, muulize ni nani alisomaye daftari lako. Huenda asijue. Muulize hata hivyo, ili naye akamuulize mkubwa wake. Nami namtumia mpwa wangu na wenzake ubeti huu:

Muuza alo dukani, siri yangu huhifadhi,
Nikikosa mfukoni, hunikopesha kwa radhi,
Mashine haina soni, wala haijui hadhi,
Fundi tia akilini, kutunza siri faradhi.